Hisia, Si Hisa

Mutie alikuwa amefika kwenye paja la mbuzi wa pili simu ilipolia. Aliiacha. Mkono ukiwa ndani ya ngozi huwezi kushika simu, na siku ya soko la Nuu anayekupigia asubuhi mara nyingi anataka maini ya mkopo. Ilipolia mara ya tatu alijipangusa kidole kimoja kwenye suruali, akaibonyeza kwa hicho hicho.

"Mutie, ni Mwalimu Musyimi. Unaweza kufika shuleni saa hii?"

"Saa hii nachuna, mwalimu. Leo ni soko."

"Ni mambo ya Ndinda. Acha hiyo kazi."

"Ni mgonjwa?"

"Njoo tu."

Njoo tu. Maneno hayo aliwahi kuambiwa mara moja, miaka miwili iliyopita, na mtu wa hospitali. Alipofika alikuta shuka la mama Ndinda limevutwa hadi juu ya kichwa. Akachomeka kisu kwenye gogo na kuondoka bila hata kunawa.

"Wee Mutie!" Mbuvi, mwenye bucha, alimpigia kelele. "Unaniachia mbuzi nusu uchi?"

"Mvalishe!"

Njia nzima alikimbia na kutembea, akakimbia tena. Alipofika kwenye uwanja wa shule, Ndinda alikuwa amesimama nje ya ofisi, mzima, sweta limefungwa vifungo vyote. Mutie alimshika bega, akaona ameliachia doa la damu, akauondoa mkono.

"Umefanya nini?"

"Sijui, baba," alisema Ndinda akiangalia viatu vyake.

Ofisini, Mwalimu Musyimi alitandika gazeti kwenye kiti ndipo akamwambia aketi. Mutie aliliona hilo gazeti. Mtu akitandikiwa gazeti anajua ameshawekwa wapi. Aliketi, nalo likalia chini yake kila alipojisogeza, na siku hiyo hakuweza kutulia.

Mbali na mwalimu mkuu palikuwa na Madam Wangui wa gredi ya sita, ambaye wazazi wake wana duka la vitambaa Mwingi, na kijana mmoja mwenye viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Nuu, kwa vumbi hili! Alijiita Kihara, wa ule mradi wa kamera.

"Mzee, usijali, hapa hatugombani," alisema Kihara, akamsogezea tableti. Nyuso za watoto zilikuwa zimepangwa kwa safu, kila moja na kiduara chake. "Kamera iko juu ya ubao. Inaangalia uso wa mtoto akisoma, inatuambia anajisikiaje. Kijani, yuko sawa. Njano, tunamwangalia. Nyekundu—"

"Nyekundu naijua."

"Ndinda amekuwa nyekundu siku arobaini na moja za masomo, mfululizo. Huzuni. Hofu. Kujifungia. Hajatabasamu hata siku moja."

"Hesabu amepata nambari ngapi?"

"Wa tatu darasani," alijibu Madam Wangui kutoka dirishani.

"Basi kichwa kinafanya kazi. Uso mnautakia nini?"

Kihara alifungua ukurasa mwingine, na maswali yakaanza kumwagika kama ya kituo cha polisi, ila haya yaliulizwa kwa sauti ya upole.

"Nyumbani mko wangapi?"

"Mimi, Ndinda, na mdogo wake Mbinya. Ana miaka mitatu."

"Vyumba vingapi?"

"Kwani mashine yenu inataka kuhamia?"

"Unakunywa?"

"Maji."

"Na kazi yako, mzee?"

"Si unaona."

Kihara aliangalia kucha zake zenye damu, akaandika. Hapo ndipo Mutie alipoelewa wanamtafuta nani. Hawakumwita kwa sababu mtoto ana shida. Walimwita kwa sababu walishaamua shida ni yeye.

"Na ni nani," aliuliza, gazeti likilia chini yake, "aliyewapa ruhusa ya kuchungulia uso wa mtoto wangu?"

Mwalimu Musyimi alivuta fomu kutoka kwenye faili, akaigeuza aione. "Wewe."

Sahihi ilikuwa yake, ile kubwa yenye mkia, na hakuna mwingine Nuu nzima mwenye mkia kama huo. Mutie aliikumbuka siku hiyo. Mkutano wa wazazi, jua la saa saba, mwenyekiti amesimama anasoma karatasi kwa Kiswahili cha kukatakata: shule yetu imechaguliwa, kila mtoto atakuwa na hisia zake, zitaandikwa kila siku, mzazi ataletewa ripoti mwisho wa muhula. Na Mutie, aliyeachia masomo darasa la nne, alisikia hisa. Hisa alizijua. Mama Ndinda alikuwa na hisa kwenye chama cha akina mama, na ndizo zilizolipa jeneza lake. Akaona, leo hata wakubwa wamefanya jambo.

"Mimi nilisaini hisa," alisema.

"Hisia, Mutie. Hisia. Vile mtu anavyojisikia moyoni."

"Nilisikia hisa."

"Ndiyo maana!" Mwalimu Musyimi aligonga meza, akacheka. "Madam, unakumbuka? Ndiye huyu alisimama akasema, 'Kama inawezekana, niandikieni mbili.' Tukadhani anafanya mzaha!"

Kihara alicheka pia, halafu akajikohoza. Madam Wangui hakucheka.

"Haya, nicheke niwe kijani?" aliuliza Mutie.

Kicheko kikakatika. Mwalimu Musyimi alikunja fomu, akasema kwa Kiswahili cha ofisini kwamba utaratibu ni utaratibu. Ijumaa watakutana tena. Kama hapatakuwa na maelezo, barua itaenda kwa afisa wa watoto kwamba mtoto haishi mahali salama. Ila kuna njia ya heshima: mtoto aende kukaa na jamaa. Ameshampigia Nzisa, dada ya marehemu, anayeishi Mbooni. Nambari yake ilikuwa kwenye fomu.

"Umempigia Nzisa kabla ya kunipigia mimi?"

"Amesema atakuja kuchukua watoto."

"Watoto? Si mlisema ni mmoja?"

Mwalimu mkuu alipanga karatasi zake, ambazo tayari zilikuwa zimepangika. "Mutie, kama nyumba si salama kwa mmoja, nitamwandikia afisa kwamba ni salama kwa mwingine?"

*

Jioni hiyo Ndinda aliepua muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akapakua, akamlisha Mbinya. Mutie alikaa, akainuka, akaenda kuangalia kuku ambao hakuna aliyewauliza hali, akarudi, akasimama mlangoni.

"Ndinda. Hebu cheka."

"Nicheke nini?"

"Cheka tu. Watu hucheka."

Mbinya ndiye aliyecheka, mdomo wazi, maharagwe yakionekana. Ndinda alimtazama mdogo wake, mkono wake ukapanda ukafunika mdomo, na mabega yakatikisika kidogo. Mutie alijaribu kukumbuka kama zamani pia alicheka hivyo, akakuta hakumbuki. Hilo lilimuuma kuliko gazeti. Anajua kila mbuzi aliyepita mikononi mwake mwaka huu, ila binti yake anavyocheka hajui.

"Unaniogopa?"

Ndinda alifikiria, na kule kufikiria kulimchoma.

"Saa zingine."

"Lini?"

"Ukiongea na redio."

Ilikuwa kweli. Habari zikianza yeye husimama mbele ya redio, kisu cha kukatia mboga mkononi, akawajibu wakubwa mmoja mmoja kwa majina. Majirani huongeza sauti ya redio zao wasimsikie.

"Na mimi je? Mimi mwenyewe, bila redio?"

"Hapana, baba. Kula, inapoa."

"Aunti yako anakuja Ijumaa. Wanataka uende Mbooni. Wewe na huyu."

Ndinda aliacha kijiko hewani. Mbinya alikifuata kwa mdomo mpaka akakipata. Mutie hakula.

*

Alhamisi Mbuvi alileta mbuzi wanne aliowanunua kule kwao Mutie, upande wa kisima. Mchinjaji kabla hajachinja hufungua mdomo ajue umri, maana mzee na kijana hawauzwi bei moja. Mutie alimshika wa kwanza taya, akapanua midomo kwa dole gumba.

"Huyu ni bibi kizee. Umeuziwa bibi, Mbuvi."

"Bibi wapi! Ana miaka miwili. Ni mbuzi wa kwenu. Hamjui meno yenu? Kahawia kama karanga za kukaanga. Ni yale maji ya chumvi, yanakula meno."

Dole gumba la Mutie lilibaki pale pale, kwenye ufizi. Mbuzi alilia. Hakumwachia.

"Watoto wa huko nao si ni hivyo hivyo," Mbuvi aliendelea, akinoa kisu. "Mke wangu anasema usioe huko, utazaa karanga."

Mutie alijua. Tatizo ni kwamba alijua kama mtu anavyojua kuna jua. Yeye mwenyewe alikuwa na meno meupe, kwa sababu utotoni walikunywa maji ya kuchimba kwenye mchanga wa mto. Kisima kilikuja baadaye, Ndinda akiwa tumboni. Wakubwa walikuja na mahema, wakakata utepe, wakapiga makofi, wakanywa maji ya chupa waliyokuja nayo. Baadaye wakaja wengine na vichupa vidogo, wakachota, wakasema wanaenda kupima. Wanapima mpaka leo.

Alimwachia mbuzi, akaenda kusimama njiani kwenye kona ya mkonge mpaka watoto walipotoka shule. Ndinda alipomfikia, bila kufikiri, kwa mkono uliozoea, Mutie alimshika taya. Binti alirudi nyuma kwa kishindo, macho yamemtoka. Mutie aliushusha ule mkono kama mtu aliyeshika moto.

"Samahani. Samahani, mama. Niambie tu. Ni meno?"

Ndinda alitazama huku na huku. Wengine walikuwa wameshapita. Ndipo aliposema, mkono mdomoni, maneno yakipita kati ya vidole.

"Siku ile ya kuweka kamera walitupiga picha. Walisema kila mtu acheke, meno yaonekane, ndio mashine ikujue. Halafu wakaziweka ukutani, kubwa, kubwa kama mlango. Yangu ikakaa. Mashine ilikuwa imekwama, ikakaa hapo tu. Wakaanza kuniita Njugu. Mpaka wa gredi ya kwanza wananiita Njugu."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilikuwa nacheka."

Mutie alihesabu kwa vidole, muhula, wiki, siku za masomo, mpaka siku ile alipoitwa ofisini. Arobaini na moja. Mashine ilianza kuhesabu siku ile ile ilipomfunga mtoto mdomo, kisha ikakimbia kushtaki kwamba mdomo umefungwa. Alicheka, kicheko kibaya, mpaka Ndinda akamshika shati.

"Kesho utawaonyesha," alimwambia. "Utafungua mdomo wajionee wenyewe, na haya mambo yataisha."

Ndinda hakukataa. Aliitikia kwa kuinua nyusi tu.

*

Ijumaa Nzisa alifika mapema, kilemba kimenyooka, na mfuko wa parachichi za Mbooni. Tangu mazishi hawakuwa wamesemezana. Siku ile ya kaburi ndiye aliyesema, udongo haujakauka, kwamba mwanamume peke yake hawezi kulea wasichana.

"Wakya," alimsalimu kwa Kikamba.

"Aa," alijibu Mutie, kwa sababu salamu haikataliwi.

Mara hii alikuja amenawa, na shati la kanisani. Hata hivyo kwenye kiti gazeti lilikuwepo. Alilikunja, akalirudisha mezani kwa mwalimu, juu ya ile barua iliyokuwa tayari imepigwa muhuri. Nzisa alimpakata Mbinya. Ndinda alisimama pembeni ya baba yake.

Mutie alieleza yote, kisima, meno, picha ukutani. Alieleza vibaya, akianza na wakubwa na mahema, akarudishwa mara mbili na Mwalimu Musyimi aje kwenye jambo lenyewe. Alipomaliza, Kihara alikuna shingo.

"Mzee, nakuelewa. Lakini hii mashine imefunzwa na nyuso nyingi sana. Mamilioni."

"Za wapi?"

"Za nchi nyingi."

"Zinakunywa maji gani?"

Kihara aliangalia tableti yake. "Okei. Kabla ya kamera alikuwaje, sina data. Nachoweza ni kuongeza maelezo kwa faili. Afungue mdomo, nipige picha ya meno, niitume."

"Tena picha?" aliuliza Nzisa.

"Ni ushahidi, mama."

Wote walimgeukia Ndinda. Mutie naye akamgeukia. Jana walikuwa wamekubaliana, na asubuhi amemkumbusha mara mbili njiani. Ndinda aliuteremsha mkono. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, kidevu kimeinuliwa, na Kihara alikuwa ameshainuka na kile kitableti, akiinama kidogo atafute mwanga, kama mnunuzi.

"Wacha," alisema Mutie.

"Sekunde moja tu, mzee."

"Nimesema wacha! Anayefunguliwa mdomo mbele ya wanunuzi ni mbuzi. Funga mdomo, mama. Funga."

"Mutie," alisema Mwalimu Musyimi, "bila ushahidi mimi natuma barua. Hii shule imeahidiwa tableti sitini. Siwezi kuwa mwalimu mkuu aliyeficha mtoto mwekundu."

"Tuma."

Alisema hivyo akijua ametupa nafasi yake ya kujitetea. Angeweza kuomba. Hakuomba. Nje watoto walikuwa wakikariri mashairi ya Kiingereza Madam Wangui aliposogea kutoka dirishani.

"Ni kweli," alisema. "Picha ilikwama kama dakika tano. Mimi ndiye nilikuwa napangusa ile mashine nikitafuta pa kuizima. Darasa lote lilicheka." Alimgeukia mwalimu mkuu. "Na mimi nilicheka, mwalimu. Kidogo. Ndinda aliniona."

Ndinda aliangalia sakafu. Mwalimu Musyimi alimtazama mwalimu wake kama mtu aliyekanyagiwa kidole mbele ya wageni. Kisha aliichukua ile barua. Hakuichana. Aliiweka kwenye droo, akaisukuma kwa goti.

"Ikae hapo kwanza," alisema. "Madam, utaandika hayo, utasaini."

"Nitasaini."

Basi ingekuwa imeisha. Mutie alishainuka, mkono umeshamshika Ndinda, na moyoni ameshaanza kuchagua maneno ya kumwambia Mbuvi. Ila Nzisa alikuwa hajainuka. Alikuwa amemgeuza Mbinya pajani, anamtazama akicheka na kishungi cha kilemba, yale meno madogo meupe kama mchele.

"Madam," alimwuliza Wangui polepole, "na huyu? Mbona yake ni safi?"

"Hayo ni ya utoto, mama. Nesi wa Mwingi alituambia, ubaya unaingia kwa yale ya ukubwani, yakiwa bado chini ya ufizi. Ni hii miaka ya udogo. Mtoto akishafika miaka minane hivi, maji hayawezi kumbadilisha tena."

Wote walimwangalia Mutie.

"Mnaniangalia mimi?" alisema. "Mwangalieni aliyechimba! Mwangalieni aliyepima akaweka majibu kwenye droo!"

Lakini aliyechimba hakuwa pale ofisini, wala aliyepima. Kwenye kiti kilichomwelekea alikuwa Nzisa peke yake, na safari hii uso wake haukuwa na ugomvi.

"Kwetu maji ni ya chemchemi, Mutie," alisema. "Sikuja na shari. Nilikuja na shari, kweli, lakini imeniisha."

"Ningenunua maji matamu."

"Mtungi mmoja ni bei gani sasa?"

Kila mtu pale alijua mtungi wa maji ya lori ni bei gani, na mchunaji hulipwa bei gani kwa mbuzi. Mutie alitazama mlango, dirisha, kamera ndogo ya akiba iliyokuwa juu ya kabati, akitafuta mtu wa kumlaumu aliye karibu.

"Baba," alisema Ndinda. Hakufunika mdomo. Aliongea akiwa amegeukia ukuta. "Mimi nitabaki na wewe. Yangu yameshakwisha. Mwache Mbinya aende."

*

Waliondoka siku hiyo hiyo, kwa sababu Nzisa alisema mtoto akilala atalia. Ndinda alifunga magauni manne kwenye leso, akafungua, akaongeza sweta kwa sababu Mbooni kuna baridi, akafunga tena. Pikipiki ya kuwafikisha Mwingi ilisimama langoni ikitetemeka. Nzisa alipanda, Mbinya akawekwa katikati, akashika mgongo wa dereva kwa mikono miwili na kupiga kelele za furaha, maana hajawahi kupanda.

"Atakuwa anarudi likizo," alisema Nzisa.

"Akishafika nane atarudi kabisa."

"Akishafika nane."

Mutie alihesabu miaka, kisha akaacha. Alitaka kusema kitu kuhusu viatu vya Mbinya, kwamba cha kushoto kinambana, lakini kilio kilitangulia. Mashavu yalipanda yenyewe, macho yakajibana, meno yake yote meupe yakatoka nje.

Mbinya aligeuka kumtazama kabla dereva hajaondoa mguu chini.

"Baba," aliuliza, "unacheka nini?"